Kuinuka Kutoka Sakafuni

Sogeza kiti karibu, wewe unayenisikiliza, kwa sababu jambo lenyewe nitalisema polepole na sitaki likuponyoke njiani. Nilifundisha sayansi katika shule ya msingi mjini Thika hadi nikastaafu, na mazoea ya darasani hayajaniacha. Nikiona uso umekunjamana, narudia. Basi kama umekaa vizuri, tuanze na sakafu.

Sakafu ya jikoni kwangu Ngoingwa, mtaa mmoja wa Thika, ni ya saruji nyekundu, ile tuliyokuwa tukiisugua ing'ae kila Krismasi ilipokaribia. Kwa miaka mingi niliijua kutoka juu. Asubuhi moja niliijua kutoka chini. Nilikuwa nageuka kutoka kwenye sinki nikiwa na sufuria ya maji, goti la kulia likakataa, nikashuka taratibu kama gunia linaloteleza ukutani. Sikuvunjika. Nilijipapasa nyonga, mkono na kichwa, vyote vizima. Hata nilicheka, peke yangu, nikiwa nimelowa maji ya chai. Halafu nikataka kuinuka.

Sikuweza.

Nilisukuma kwa mikono, makalio yakanyanyuka kidogo na kurudi chini. Nikashika mguu wa meza, meza ikanifuata. Simu ilikuwa juu ya meza hiyo hiyo. Niliisikia ikiita, ikanyamaza, ikaita tena. Nikaona vitu ambavyo sikuwahi kuviona katika nyumba niliyoijenga na marehemu mume wangu: utando wa buibui pembeni mwa kabati, kijiko kilichopotea zamani, alama ya msalaba ambayo fundi aliichora kwa penseli chini ya ubao wa meza. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ulikuwa hapo, hatua chache tu, na haukunisaidia kitu. Jua lilihama kutoka dirishani hadi kwenye makabati kabla mama anayeniletea maziwa hajapiga hodi, akasukuma mlango na kupiga kelele.

"Ngai! Mwalimu, nani amekupiga?"

"Hakuna aliyenipiga. Nipe mkono kwanza, maswali baadaye."

Jioni ile binti yangu alikuja kutoka Ruiru na begi tupu. Nilipoliona nikajua limekuja kubeba nguo zangu.

"Mama, huwezi kuishi hapa peke yako tena."

"Niliteleza tu."

"Kuteleza si neno. Neno ni kwamba hukuinuka. Na siku ambayo mama wa maziwa amesafiri?"

Akaanza kukunja nguo zangu, machozi yanamtoka na hasira pia, na katika hasira ile akasema jambo nililolishika kama mtoto anavyoshika ahadi ya mzazi: "Siku utakayojiinua kutoka chini mwenyewe, bila mimi na bila mtu, nitakurudisha hapa kwa mkono wangu."

Nyumba ya binti yangu iko ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Dirisha la sebuleni linatazama dirisha la jengo la pili, karibu kiasi kwamba nilijua jirani anapika nini kabla harufu haijanifikia. Roshani ina vyuma kutoka chini hadi juu, na nguo zikianikwa hapo, mchana huwa kama magharibi. Binti yangu aliondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi taa zikiwa zimewashwa. Ufunguo aliniachia kwenye msumari kando ya mlango. Sikufungiwa, nataka ulijue hilo. Ngazi zilikuwa pale nje na mji wote wa Ruiru ulikuwa chini yake. Ila kutoka sofani hadi chooni nilishika ukuta, na nikifika moyo ulikuwa unapiga kama nimekimbia mbio za shule.

Hapa acha nikueleze, maana utadhani ni uzee tu. Nilikuwa na miaka sitini na kitu, si tisini.

Goti langu lilianza kuuma nilipostaafu. Watu wote wenye mapenzi mema waliniambia nilipumzishe, nami nikalipumzisha. Nilipanda bodaboda kutoka getini hadi dukani, duka ambalo naliona nikisimama getini. Vijana wa bodaboda walinipenda sana. Nikadhani naliokoa goti. Lakini goti ni bawaba ya mlango, na bawaba haijishiki yenyewe. Kinacholishika ni misuli ya paja, kama fremu inavyoshika bawaba. Fremu ikiliwa na mchwa, usiilaumu bawaba ikilegea. Na mwili una tabia hii: hautunzi kisichotumika. Msuli ni mlaji mkubwa, na mwili ukiona hauitwi kazini, unaupunguza kidogo kidogo bila kukuuliza. Kila safari ya bodaboda ilikuwa inamwambia mwili wangu kwamba mapaja haya hayahitajiki tena. Mwili ukasikia.

Kule Ruiru nikazidi kupumzishwa. Binti yangu aliomba akina mama wa kikundi cha kanisa lake wawe wananitazama, na wao wakapanga zamu. Walikuwa wema, usinielewe vibaya. Walikuja na chupa za chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha harusi, wakaja na chapati, wakaja na uji, na mgonjwa hakatai kilichobebwa hadi ghorofa ya nne. Nikishika kikombe kwenda kukisuuza, mwenyekiti wao, mama mnene mcheshi anayeuza mitumba sokoni, alininyang'anya.

"Mwalimu, unataka tusemwe? Mtu akiingia akukute unaosha vyombo, atasema binti yako amekugeuza mfanyakazi."

"Ni kikombe kimoja tu."

"Ndiyo hicho hicho kitakachotangazwa."

Na alisema kweli. Kwetu, mgonjwa hupimwa kwa namna alivyokutwa. Akikutwa amelala, ametunzwa. Akikutwa amesimama, ameteswa. Kwa hiyo nilikaa, mto mgongoni na mwingine chini ya miguu, nikiwa nimetunzwa kweli kweli. Na ndani ya mwili wangu mambo yakaanza kuharibika, moja likivuta lingine.

Miguu ilivimba. Mashavu ya miguu ni pampu, kama ile ya mkono ya kisimani: ukitembea yanabana na kuachia, yanasukuma damu irudi juu kwenye moyo. Ukikaa siku nzima pampu haina mpigaji, maji yanatuama. Sukari kwenye damu ikapanda, kwa sababu msuli unaofanya kazi ndio unaokula sukari nyingi. Msuli ukilala, sukari inazunguka kwenye damu kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Presha ikapanda. Tumbo likawa gumu. Usingizi ukaniacha, kwani mwili usiochoka hauna sababu ya kulala. Hata moyo wa huzuni, nao ukaja. Nilikuwa nalia nikitazama sufuria za jirani.

Kwenye kliniki, daktari alibadilisha dawa za presha kisha akanipeleka chumba cha pili kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mwembamba mwenye sauti ya kudekeza.

"Shosho, hebu simama bila kushika kiti."

"Mimi si bibi yako. Mimi ni mwalimu."

"Sawa, mwalimu. Kunja mikono kifuani, simama bila kushika kiti."

Nilijaribu. Makalio yalinyanyuka, yakarudi. Nikajaribu tena. Binti yangu aliangalia ukutani ili asinione.

Kijana akachuchumaa mbele yangu, na sauti ya kudekeza ikamwacha. "Mwalimu, goti lako limechakaa kidogo, hilo ni kweli. Lakini halikuangushi lenyewe. Ni mapaja yamekuacha. Yanarudi, ukiyaita. Hata ya mtu wa miaka themanini yanarudi."

"Goti linamuuma, na wewe unataka alichoshe?" binti yangu akauliza.

"Achoshe misuli, si goti. Uchovu kesho yake ni kawaida. Lakini maumivu makali ya kuchoma, kifua kubana, kizunguzungu, hapo aache na atuone."

Akanifundisha kukaa na kusimama, kwanza kwa kiti kilichoinuliwa na mto, kisha bila mto. Akanifundisha kusimama kwa vidole nikishika sinki. Nikamwuliza lile lililokuwa moyoni: mtu anainukaje kutoka sakafuni? Akalala chini mwenyewe, na shati lake jeupe, akanionyesha. Nilitazama kama sijawahi kuona mtu akiinuka.

Nikaanza. Kulikuwa na muda mfupi kila asubuhi kati ya binti yangu kuondoka na hodi ya zamu ya kwanza, na huo ulikuwa darasa langu. Juma la kwanza mapaja yaliuma hata kushuka kwenye kiti cha choo. Juma lililofuata yaliuma kidogo. Baadaye nikautoa mto. Hapo nikathubutu kwenda chini: nikashika sofa, nikapiga goti juu ya leso ya kujifunga iliyokunjwa, nikakaa, nikalala ubavu. Sakafu ya Ruiru ni ya vigae vyeupe, baridi kuliko saruji yangu. Nilipoigusa kwa shavu, asubuhi ile ya Ngoingwa ikanirudia yote, nikaogopa. Nikajiambia: darasani, swali lililokushinda ndilo unalolirudia.

Siku moja nikiwa katikati ya kuinuka, niko kwa mikono na magoti, nimefikisha mguu mmoja mbele, mlango ukafunguliwa. Alikuwa mweka hazina wa kikundi, na uji, na wenzake wawili nyuma yake. Walikuwa wamewahi.

"Woiye! Ameanguka! Mwalimu ameanguka!"

"Sijaanguka! Ninainuka!"

"Usiongee, usipoteze nguvu!"

Walinikamata makwapani, wakaninyanyua, wakanitupa sofani. Mmoja akanipepea kwa leso, mmoja akaanza kukemea pepo la kuanguka kwa jina la Yesu, na mweka hazina akampigia binti yangu simu. Binti yangu aliacha kazi katikati akaja mbio, akapanda ghorofa zote nne na viatu mkononi.

"Nilijilaza mwenyewe," nikamwambia.

"Mama. Nani hujilaza sakafuni asubuhi na kitanda kipo?"

Hakuniamini, na mashahidi watatu walikuwa upande wake. Tangu siku ile sikuachwa peke yangu hata kidogo. Zamu ya kwanza ikawa inafika kabla binti yangu hajatoka. Na Ijumaa usiku wakati wa chakula akasema, bila kunitazama, kwamba kuna mume na mke wanatafuta nyumba ya kupanga Ngoingwa. Watu wazuri. Wangekuja kuiona yangu mwisho wa mwezi, na wakiipenda wataingia.

"Na ahadi yako?"

"Ahadi gani, Mama? Wamekuokota sakafuni juzi."

Usiku huo nilielewa kwamba nyumba inaweza kukutoka ukiwa umekaa kwenye mto.

Nikawaza, na nikagundua kwamba kilichonifunga kilikuwa heshima, na heshima ina milango yake. Nikuulize: mgeni akiingia, mwenyeji hufanya nini? Husimama kumsalimu. Basi kila hodi nilisimama, mikono kifuani. Aliyekwenda roshani akirudi, nilisimama tena.

"Mwalimu, usijisumbue!"

"Heshima haina ugonjwa, mama."

Na mgeni akiondoka? Husindikizwa. Hakuna mama wa kikundi atakayekukataza kumsindikiza, maana kukataa kusindikizwa ni kama kusema mlikosana. Zamu zilikuwa nyingi kwa siku, na kila zamu ilipomaliza nilitoka nayo. Kwanza hadi kwenye ngazi. Kisha ngazi chache, mkono kwenye chuma. Kisha hadi ghorofa ya tatu. Kushuka ndiko kunakofundisha mapaja breki. Kupanda kunafundisha moyo. Nilikuwa nasimama kila nilipopinda, nahema, nazungumza habari za bei ya nyanya ili nisionekane nahema. Siku moja nilimsindikiza mwenyekiti hadi chini kabisa, getini, ambako jua la Ruiru lilinipiga usoni moja kwa moja, bila vyuma. Alikuwa anasimulia habari za mkwe wake na hakutambua tulikofika.

"Haki mwalimu, nimekushusha mpaka hapa? Binti yako ataniua!"

"Hatajua," nikasema. Nikapanda mwenyewe kwenye zamu iliyokuwa ikinisubiri, na nilipofika juu moyo ulikuwa unapiga, ndiyo, lakini ulitulia kabla sijakaa. Zamani ulikuwa unapiga hadi uji upoe. Miguu jioni ilikuwa imepungua uvimbe, nikaona tena mifupa ya vifundo vyangu. Nilikuwa nimeisahau sura yake. Na nililala.

Lakini zoezi la sakafuni nisingeweza kulifanya kwa siri tena. Nilikuwa najizoeza kitandani: kuinua makalio chini ya blanketi, kugeuka ubavu, kusukuma kwa kiwiko. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja. Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, kikundi kizima kilikuja kuniombea, na binti yangu alikuwepo akigawa chai. Kawaida tuliomba kwa kusimama na kushikana mikono. Mwenyekiti aliposema tusimame, nikasema:

"Ninaomba tupige magoti. Sakafuni, kama tulivyokuwa tukifanya zamani."

Wakatazamana. Lakini ombi la maombi kutoka kwa mgonjwa halikataliwi. Wakaanza kushuka, mmoja akishika meza, mwingine akishika aliyeshika meza. Mimi nilikunja leso yangu, nikashuka bila kushika kitu. Binti yangu alibaki ameduwaa na birika mkononi, kisha akapiga goti karibu na mlango wa jikoni.

Kama humjui mwenyekiti yule, hujui maombi marefu. Aliombea goti langu, akaombea presha, akaombea serikali, akaombea mvua Ngoliba kwa ndugu zake ambao mahindi yao yalikuwa yanakauka, akaombea soko la mitumba. Niliposikia Amina, nilifungua macho na kutazama huku na huku. Hakuna aliyeinuka.

"Nani ananipa mkono?" mwenyekiti akauliza, sauti ndogo.

"Nani akupe, na sote tuko chini?" mweka hazina akajibu.

Vicheko vikatoka, vya maumivu. Binti yangu akainuka na kunijia, mikono ameinyoosha.

"Acha," nikamwambia. "Kaa hapo hapo, uone."

Nikajilaza kwanza. Nilitaka aone yote, tangu shavu kwenye kigae. Nikasikia mmoja akivuta pumzi. Nikageuka ubavu. Nikasukuma kwa kiwiko, kisha kwa kiganja. Nikawa kwa mikono na magoti, na hapo nikasubiri, maana kijana alinifundisha kusubiri hadi kichwa kitulie. Nikaleta mguu wa kushoto mbele, ule wenye goti zuri. Mkono juu ya paja. Nikaegemea mbele, nikasukuma sakafu kana kwamba ndiyo inayotakiwa kuondoka. Paja likatetemeka, nikalisikia likitetemeka, nikadhani linaniacha tena. Halikuniacha.

Nilisimama. Nikawatazama wote kutoka juu, akina mama watu wazima wamepiga magoti kama darasa la kwanza.

"Mwalimu, njoo nikushike bega," mwenyekiti akasema.

"Hunishiki. Utafuata ninavyokuambia. Mguu mmoja mbele."

"Upi?"

"Ulio mzuri."

"Yote ni mibaya!"

"Basi ule ulio afadhali."

Tukawainua hivyo, mmoja mmoja, wakipiga kelele na kushangiliana, na chai ikapoa bila mtu kujali.

Walipoondoka niliwasindikiza hadi getini na binti yangu aliona. Niliporudi juu alikuwa anaosha vikombe, amenipa mgongo.

"Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka. Watu huanguka. Nitageuka ubavu."

Aliosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana. "Simu itakuwa shingoni," akasema. "Si mezani. Shingoni, na kamba."

"Shingoni."

Akachukua yake mfukoni, na mikono ikiwa na povu, akawapigia wale mume na mke akawaambia nyumba haitapatikana.

Nakusimulia haya nikiwa Ngoingwa, simu ikining'inia kifuani kama kengele ya mbuzi. Usidhani nimetoka kabisa. Wiki ya mvua kubwa nilikaa ndani, miguu juu ya kiti, na nilipotaka kuinuka nikaisikia ile sofa ya Ruiru ikinivuta. Mlango wa kukaa tu hujifunga wenyewe polepole, na hautoi sauti. Vijana wa bodaboda bado wananipungia pale getini. Nawapungia pia, napita kwa miguu.

Sasa wewe. Akiwepo mtu karibu na kiti imara kando yako, na kama huna maumivu makali, shuka sakafuni leo. Lala chali. Geuka ubavu, sukuma kwa kiwiko kisha kiganja, kaa kwa mikono na magoti, subiri kichwa kitulie. Shika kiti, leta mguu ulio afadhali mbele, egemea, inuka. Kesho urudie.